Kunja Kwanza, Mwanangu

Mwanangu, hebu keti kidogo. Weka hiyo flashi mezani, steshenari haihami. Katuni zako nimeziona, ni nzuri. Na hamu yako nimeiona: unataka kutoa kopi 50 leo leo, kesho uwagawie watoto wa mtaani. Nakuomba jioni moja tu.

Hamu hiyo naijua. Sisi tulikua na katuni za Chakubanga, za Christian Gregory, kwenye gazeti la Uhuru. Kisha wakaja Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwenye jarida la Sani. Nakala moja ilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka ikachanika jalada. Nami nikatamani kutunga kijitabu changu, nikigawe bure.

Nilichora hadithi ya kobe anayekwenda kisimani kumtekea mama yake maji. Kurasa 12. Nilizichora mbili mbili, ya 1 ubavuni mwa ya 2, ya 3 ubavuni mwa ya 4. Nikatoa kopi 40, mbele na nyuma, nikakunja, nikapiga pini. Sikufungua hata kimoja nikakisoma. Nilikuwa na haraka ya kushukuriwa.

Mtoto wa jirani alikaa na chake barazani. Akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Kobe wangu alikuwa amefika nyumbani na maji kabla hajaondoka. Mtoto akanirudishia kijitabu kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, mimi bado sijui kusoma vizuri."

Maneno hayo sijayasahau, mwanangu. Aliyeuziwa kitu kibovu hurudi dukani akadai haki yake. Aliyepewa zawadi hadai. Hujilaumu mwenyewe.

Basi kabla ya kuchora, kunja. Chukua karatasi 3 tupu za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Andika namba za kurasa kwa penseli, 1 hadi 12. Sasa zitenganishe uzitazame. Ya 1 imekaa na ya 12. Ya 2 imekaa na ya 11. Kila jozi ukiijumlisha unapata 13. Ni ya 6 na ya 7 tu, pale katikati, zinazokaa pamoja kwa kufuatana. Mimi nilipaswa kuliona hilo kabla ya kugusa wino.

Kila karatasi inabeba kurasa nne. Kwa hiyo hadithi iwe ya kurasa 8, 12 au 16. Ikiishia ya 10, usiiburute ijaze nafasi. Itazame upya, labda kuna mahali ulipita mbio.

Pembeni acha sentimita moja, maana mashine nyingi hazifiki ukingoni. Mimi niliwahi kumkata kobe miguu. Ukichora kila ukurasa kwenye A4 ili uupunguze hadi A5, unatoa kopi kwa asilimia 71, na herufi zinapungua pamoja na picha. Andika kwa herufi kubwa kuliko unavyodhani inatosha. Penseli ipitie kwa wino mweusi.

Ukifika kwenye mashine, toa kopi ya kijitabu kimoja tu. Angalia upande wa pili usiwe umegeuka juu chini. Kikunje, ukisome chote. Hapo ndipo utoe vingine.

Stepla fupi haifiki katikati ya karatasi. Tumia sindano na uzi. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Ingiza sindano tundu la kati, kutoka ndani kwenda nje. Rudi ndani kwa tundu la juu. Shuka hadi la chini, utoke nje. Rudi ndani kwa la kati, kisha funga fundo juu ya ule uzi mrefu. Kurasa za kati zitachomoza kidogo. Ukishashona, zisawazishe kwa rula na wembe.

Vile vijitabu vyangu nilivirudia vyote 40. Jioni baada ya jioni, kimoja kimoja. Nilimpelekea yule mtoto cha kwanza, nikamwambia kosa lilikuwa langu. Alisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kumsomea mdogo wake kwa sauti.

Karatasi tupu zipo kabatini, mwanangu. Lete tatu, tukunje.