Kuona na Kuonea: Askari wa Barabarani na Magari Yaliyorembwa

Kitenzi "kuona" kikitiwa kiambishi cha kutendea hutupa "kuonea", na hapo lugha yetu hufanya jambo linalostahili kutazamwa. Tukisema "amemwonea huruma" au "amemwonea wivu", maana imetulia, kwa kuwa nomino iliyofuata imekwisha kutuambia mtu yule alitazamwa kwa moyo gani. Lakini tukiikata nomino hiyo, tukasema "amemwonea" na kunyamaza, kila msikilizaji hujua kwamba mtu amedhulumiwa. Ni kana kwamba waliotuachia Kiswahili walitambua kuwa dhuluma aghalabu huanzia machoni kabla haijafika mikononi: mwenye nguvu humtazama mnyonge kwa namna fulani kwanza, ndipo mengine yakafuata.

Neno hilo ndilo walitumialo madereva wa magari yaliyorembwa kila wasimamishwapo barabarani. "Tunaonewa," husema. Gari limeshushwa likakaribia ardhi, au limepakwa rangi saba, au limefungwa taa za ziada na bomba la moshi lenye mngurumo. Likifika mbele ya askari husimamishwa, hali yale ya kawaida yaliyolitangulia yamekwenda zake. Askari naye hujibu kwamba hamwonei mtu, anatekeleza sheria tu. Tumeona vema tulichunguze dai hili. Si kwamba sisi ni mashabiki wa magari (mishahara ya walimu haituruhusu ushabiki huo), bali ndani yake mna swali la maadili ambalo kanuni za barabarani hazilitatui: je, mtu aweza kuonewa ijapokuwa kosa analoshtakiwa amelitenda kweli?

Tutaanza mbali, katika jimbo la California nchini Marekani, kwa sababu huko swali limejitokeza wazi kuliko kwingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wenye asili ya Meksiko walizoea kuyashusha magari yao, kuyapaka rangi za kung'aa, na kuyaendesha polepole jioni ili yatazamwe. Tunasisitiza neno polepole. Hawa hawakuwa watu wa mbio. Mwaka 1958 ikapatikana sheria ya jimbo iliyokataza sehemu ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu za magurudumu yake. Sheria hiyo haikumtaja Mmeksiko wala mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, kila askari alijua magari ya chini ni ya akina nani.

Mwaka uliofuata, 1959, Ron Aguirre wa San Bernardino aliifunga Corvette yake pampu za mafuta za aina iliyotumiwa katika ndege, gari likawa lapanda na kushuka kwa kuguswa swichi. Askari akitokea, gari hujiinua hadi kimo cha halali. Akiisha kupita, hushuka tena. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tunacheka, lakini kichekesho hiki ni kipimo kizuri cha nia ya sheria. Kama ubaya ulikuwa katika kimo, basi ulikwisha siku ile gari lilipoinuka. Ubaya haukwisha. Miaka ya baadaye sheria nyingine ya jimbo iliiruhusu miji kupiga marufuku matembezi yenyewe, yaani kupita na kupita tena katika barabara ileile. Mji wa National City, karibu na San Diego, ulipitisha marufuku yake mwaka 1992, ukaifuta mwaka 2023. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Gavana Gavin Newsom alitia saini sheria iliyoondoa kikomo cha kimo pamoja na uwezo wa miji kuyazuia matembezi hayo, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Hatukatai kwamba misururu ya magari ilifunga njia, na pengine ugomvi ulizuka. Lakini njia hufungwa pia na harusi na mechi za mpira, na hatujasikia sheria ya kukipima kimo cha gari la bwana harusi.

Huko huko Marekani, Mahakama Kuu ililijibu swali letu mwaka 1996 katika kesi ya Whren. Mwezi wa Juni 1993, mjini Washington, askari wa dawa za kulevya waliovaa kiraia waliliona gari la vijana wawili Weusi limekaa kwenye alama ya kusimama zaidi ya sekunde 20. Gari likapinda bila ishara, likaondoka kwa kasi. Askari wakalisimamisha kwa kosa la barabarani, na ndani wakaona kokeini. Vijana walidai kwamba kosa la barabarani lilikuwa kisingizio. Majaji wote tisa waliafikiana: maadamu kosa limetendeka, sheria ya upekuzi haiulizi askari alikuwa na nia gani moyoni. Mwenye malalamiko ya ubaguzi na abishe mlango mwingine, ule wa kifungu cha usawa mbele ya sheria.

Hukumu hiyo ina mantiki yake, nasi hatuidharau. Mahakama ikianza kuipekua mioyo ya askari, itamaliza lini? Walakini mantiki hiyo imeruka jambo moja linalojulikana na kila aliyewahi kushika usukani. Kanuni za barabarani ni nyingi mno hata hakuna dereva awezaye kwenda nusu saa bila kuivunja mojawapo: ishara imechelewa, tairi limegusa mstari, taa ya namba imezimika. Madhali wote ni wakosaji, sheria haimwambii tena askari nani asimamishwe. Inampa ruhusa ya kuchagua. Kosa huwa la wote, adhabu huwa ya aliyechaguliwa. Na kigezo cha uchaguzi hakimo katika kitabu cha sheria, kimo katika jicho la askari. Kwa hiyo tunajibu kwamba ndiyo, mtu aweza kuonewa naye ana kosa.

Tukirudi huku kwetu, jambo hugeuka kuwa gumu zaidi, kwa kuwa gari lililorembwa la Nairobi si la matembezi ya jioni. Ni matatu, limebeba abiria. Dereva wa California akikosea hujihatarisha zaidi yeye mwenyewe. Wa matatu anazo roho za watu mgongoni. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutumika Februari 2004, zilikuja kwa sababu watu walikuwa wakifa barabarani. Zilidai vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, sare kwa dereva na kondakta, na mstari wa manjano ubavuni. Pamoja na hayo, michoro na muziki wa kishindo vilipigwa vita. Miaka kumi hivi baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliitetea michoro hiyo kuwa ajira ya vijana, nayo ikarudi kwa fahari. Kisha Novemba 2018 serikali ikaanzisha msako wa kuzirejesha kanuni za Michuki, na maelfu ya wananchi wakaenda kazini kwa miguu.

Hapa mtetezi wa askari atasema: dalili ya mvua ni mawingu. Dereva aliyeligeuza gari kuwa ukumbi wa dansi ndiye huyohuyo apandaye kando ya barabara na kuwakimbiza watu. Tunakubali kwamba baadhi ya marembo ni hatari yenyewe: karatasi ya rangi ikikizuia kioo cha mbele, dereva haoni, muziki ukizidi, abiria hawezi kusikika akiomba kushushwa, taa zikimulika kupita kiasi, humpofusha anayekuja. Hayo yakamatwe. Lakini picha ya mchezaji mpira ubavuni mwa basi haijapata kumgonga mtu.

Tazama pia mambo yale mawili yalivyowekwa pamoja katika kanuni. Michoro huonekana tangu mbali. Kidhibiti mwendo kimefichika, na aliyekikata waya hakuandika jambo hilo ubavuni. Breki zilizochakaa hazina rangi. Basi kuukuu lisilo na mchoro hata mmoja, lenye mstari wa manjano ulionyooka, laweza kupita vizuizi vitano hali usukani wake umelegea, kwa kuwa macho ya askari yameshughulishwa na lile la rangi saba. Mtu wa kwanza kuumizwa na jicho la namna hii ni dereva, lakini wa pili ni abiria wa basi lile kuukuu, ambaye hajui kwamba ulinzi wake umepelekwa kwingine.

Isitoshe, kuna hesabu isiyosemwa. Matatu lililorembwa lilimgharimu mwenyewe fedha nyingi, na vijana hulipenda hata wakakubali nauli ya juu. Kila saa likiwa limezuiliwa ni hasara. Kumpeleka dereva wake mahakamani si lazima; kumweka juani kwatosha, naye ataitafuta chai mwenyewe. Hatusemi kila askari hufanya hesabu hiyo. Twasema tu kwamba asiyetaka kuifanya hana budi kuthibitisha, kwa sababu kwa mtazamaji wa nje vituo vyote viwili hufanana.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Teksi zetu za Kampala, nyeupe zenye mstari wa miraba ya buluu, hufanana kama wanafunzi waliovaa sare, isipokuwa maandishi yaliyo kwenye vioo vya nyuma. Lakini tangu enzi za ukoloni lugha tunayoifundisha ilikuwa lugha ya kambi na ya polisi. Kwa wananchi wengi maneno ya kwanza ya Kiswahili yaliyowafikia yalikuwa "simama" na "toa", yakitoka kinywani mwa mwenye bunduki. Mtoto akiletewa kitabu chetu, nyumbani mzee humwuliza kwa nini ajifunze lugha ya kuamrisha. Lugha nzima, pamoja na mashairi yake na adabu yake ya kuamkiana, imehukumiwa kwa sauti iliyosikika kizuizini. Na kazi ya kuitakasa imeangukia darasani.

Darasani nako mna mfano wake. Mwalimu akiingia katikati ya makelele, kuna yule kijana aliyenyoa nywele kwa mtindo wa mji, na macho huenda kwake kabla ya masikio hayajajua kelele ilitoka wapi. Huenda alikuwa akipiga kelele kweli. Wenzake arubaini pia.

Wako wasemao dawa ni kuwaachia wenye magari yao wafanye watakavyo, na wengine wataka kila rangi ifutwe. Sisi twaona jambo dogo lingefaa zaidi. Askari apewe daftari, na kabla hajainua mkono wake aandike saa, namba ya gari, na kosa aliloliona, si atakaloliona baada ya kupekua. Gari lisilo na mchoro liandikwe vilevile. Mwisho wa mwezi mkuu wake alifungue daftari hilo mbele ya wawakilishi wa madereva na wa abiria, wahesabu pamoja ni breki ngapi zilizopimwa, na ni rangi ngapi.