Kijiko au Kisu

Leo siku ya tisa koo wangu mweusi hajasimama. Nimemlaza ndani ya karai, juu ya gunia, hapa uani Timbwani, Likoni. Mguu mmoja umenyooka mbele, mwingine nyuma. Daktari wa mifugo amesema ni Marek, ugonjwa uliopewa jina la József Marek, Mhungaria aliyeueleza mwaka 1907. Kinga yake ni chanjo, nayo hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja. Kwa aliyekwisha kuugua, hauna tiba.

Jirani yangu, mama mtu mzima, ameniambia: "Mchinje, mwanangu, kabla hajawa nyamafu." Hajakosea. Dini imetuharamishia mzoga, ila aliyewahiwa na kisu angali hai ni halali. Na kisu ninacho, kikali.

Lakini kila nikimpelekea kijiko cha maji, hufungua mdomo mwenyewe. Akimeza, kope yake ya chini hupanda taratibu hadi jicho lifumbe. Hapo humkumbuka yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Hakuulizwa mbwa yule ana faida gani.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: je, namhurumia yeye, au naogopa mkono wangu mwenyewe? Nimeweka nia: siku atakayokataa maji, nitapiga bismillahi.

Baada ya alfajiri nimemgeuza ubavu, nimemfuta kinyesi kwa kitambaa cha kanga. Amedonoa wishwa mara tatu.