Kisiwa Kilichobaki Katanga

Katikati ya Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, lipo sinagogi lililojengwa karibu na mwaka 1930, mji huo ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Wengi wa waliosali humo walikuwa watu wa kisiwa kimoja cha mbali: Rhodes, katika bahari ya Aegean.

Uhamiaji haukuwa mgeni kwao. Mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 wakapokelewa katika himaya ya Waturuki, na karne nne baadaye bibi wa Rhodes alikuwa bado anambembeleza mjukuu kwa Kihispania cha kale, Ladino. Kisiwani kazi zilikuwa haba. Katanga reli ilikuwa imefika mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na biashara ilikuwapo. Kijana alitangulia, akishapata duka, alimwita mdogo wake, na mdogo akamwita binamu. Sheria za kibaguzi za mwaka 1938 za Italia, iliyokuwa ikitawala Rhodes, ziliwaondoa wengine. Miongoni mwao alikuwa Nissim Soriano, aliyefanya biashara ya samaki kando ya Ziwa Mweru. Mwanawe, Moïse Katumbi, alizaliwa Kashobwe mwaka 1964 na baadaye akawa gavana wa Katanga.

Kisha ikaja Julai 1944.

Wajerumani, waliokuwa wamekishika kisiwa, waliwakusanya Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawavusha bahari hadi Ugiriki bara, kisha kwa treni hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Walionusurika ni kama 150.

Yule kijana aliyeagwa kwa machozi, aliyehofiwa kupotelea ugenini, ndiye aliyebaki. Wazee waliojua nani kazaliwa na nani walikuwa wameteketea. Kumbukumbu ya ukoo ikawa mikononi mwa mwenye duka wa Katanga. Kwa desturi ya Rhodes, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, hata babu akiwa hai. Baada ya mwaka ule, mama aliyemwita mwanawe aje kula huko Elisabethville huenda alikuwa anataja jina la mzee asiye na kaburi.

Mwaka 1973 Rais Mobutu alitaifisha biashara za wageni, na wengi wakahamia Ubelgiji na Afrika Kusini. Rabi Moïse Levy, aliyefika Elisabethville mwaka 1937, aliihudumia jumuiya hiyo kwa zaidi ya miaka 50.

Msomaji mwenye bibi au babu aliye hai amkalie wiki hii, amwombe ataje majina ya ukoo hadi pale anapokumbuka, na ayaandike.