SOKWE HAPIGI RAMLI



Kijana mmoja wa Kipalapala, karibu na Tabora, aliyeingia Uislamu hivi karibuni, aliniuliza swali ambalo huenda nawe limekusumbua. Babu yake ni mganga. Mzee huyo huchimba mzizi wa kutibu tumbo, lakini hagusi jembe kabla ya kuchinja kuku na kuiomba mizimu. "Sheikh," akasema kijana, "mizimu nimeiacha. Je, na mzizi niuache?"

Nilimjibu kwa habari ya sokwe.

Ukiifuata njia ya kale ya misafara kutoka Tabora hadi Ziwa Tanganyika, kisha ukaandama ufuko wa ziwa kuelekea kusini, utafika milima ya Mahale. Huko, mwezi wa Novemba 1987, Bwana Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye elimu ya miti ya dawa, walimfuatilia sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Aliuendea mti ambao Watongwe huuita mjonso, akavunja vitawi vichanga, akamenya ganda, akatupa majani, akatafuna kiini na kunyonya maji yake machungu. Siku ya pili yake alionekana amepata nafuu. Mgeni aliona mnyama anatafuna. Mzee Kalunde ndiye aliyeitambua dawa, maana watu wake huitumia kwa maradhi ya tumbo. (Na bado wapo wanaodhani elimu yote hutoka ng'ambo!) Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mti huo una vitu vyenye kudhuru minyoo.

Nani alimfundisha? Wataalamu husema watoto wa sokwe hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Vema, lakini yule wa kwanza? Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, yaeleza kwamba Mwenyezi Mungu alimfunulia nyuki njia yake, na kwamba katika kinywaji kitokacho tumboni mwake mna ponyo kwa watu. Aliyemwongoza nyuki hashindwi kumwongoza sokwe. Sidai kwamba sokwe anajua minyoo ni nini. Nasema tu kwamba hakuchinja kuku, hakupiga ramli, hakufunga hirizi, na bado aliiendea dawa. Basi nguvu imo katika mti, alioumba Mungu, wala si katika mizimu. Na Mtume Mtukufu (s.a.w.), aliyekataza hirizi, ndiye huyo huyo aliyefundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa.

Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Babu ataona nimemtukana."

Hilo ni gumu zaidi, wala sikuwa na jibu jepesi. Kuikataa mizimu ya mzee si kumkataa mzee, ila yeye huenda akasikia hivyo. Nilimwambia aende kwake kwa heshima, asishiriki kuchinja, bali amshikie jembe baadaye. Na amwulize barabara jina la mti, kipimo chake, na sehemu ya kutupwa, maana hata katika mjonso, majani na ganda anavyovitupa sokwe huweza kudhuru vikizidi. Babu yake ni mzee sana, na hajamwonyesha mtu mwingine.