Sadaka au Deni?

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Wengi wao walikuwa wanawake, washonaji wa nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo iliwaambia watumishi wake wasije. Washonaji waliamriwa warudi kazini.

Baadaye ulianzishwa mfuko wa fidia, nao ukatimia dola milioni 30 mwaka 2015. Lakini makampuni yalichangia kwa hiari. Hapo ndipo penye swali. Mwenye kutoa kwa hiari hushukuriwa. Mwenye kulipa deni hashukuriwi. Je, kampuni iliyofaidi jasho la mshonaji (na sisi wanunuzi tuliifurahia bei ile) ilitoa sadaka, au ilikuwa ikilipa? Mimi nasema ilikuwa ikilipa, tena kwa kuchelewa. Yatima wa mshonaji hapaswi kupiga magoti kwa kupokea haki yake.

Afadhali mkataba wa usalama wa viwanda uliotiwa sahihi Mei 2013: huo ulikuwa na nguvu ya sheria, na kampuni iliyouvunja iliweza kudaiwa.