Deni la Ajuaye

Kujua ni fadhila katika mambo mengi, lakini katika ugonjwa kujua ni deni pia. Asiyejua kuwa jirani yake anaumwa aweza kusamehewa kwa kutomsaidia. Ajuaye kisha akamwacha hana udhuru. Jambo hili lastahili kupimwa sasa, wakati wataalamu wanapounda vyombo vidogo vya kuchukulika mkononi, vitumiavyo nuru kutambua maradhi kabla hayajamlaza mtu.

Asili ya vyombo hivyo si ngeni katika zahanati za Tanzania. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone moja la damu. Katika ukanda wake mna kingamwili zinasazo protini ya kijidudu cha malaria, na chembe ndogo mno, aghalabu za dhahabu, hujikusanya hapo hata ukatokea mstari mwekundu. Jicho husoma mstari huo. Kitambuzi cha nuru chaweza kufuata kanuni iyo hiyo, ila huweka taa na kipokea nuru mahali pa jicho, ili alama iliyo hafifu isipotee.

Faida yake hudhihirika katika kichocho. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi, hugusa Ziwa Victoria upande wa Busega. Na maji yaliyotuama yaweza kuwa na konokono wabebao ugonjwa huo. Darubini hutafuta mayai ya minyoo katika choo au mkojo. Mayai yakiwa machache, mgonjwa huhesabiwa mzima. Kwa kichocho cha matumbo, upo ukanda wa mkojo utafutao kitu kitolewacho na minyoo yenyewe. Nuru ikiusoma ukanda huo kwa uangalifu, wengi waliokuwa wakifichwa na darubini watajulikana.

Lakini wakijulikana, itakuwaje? Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa. Haiui ile michanga, wala haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini. Mwanafunzi hupewa dawa hiyo shuleni bila kupimwa. Mvuvi na mama afuaye nguo ziwani aghalabu huachwa nje ya mgawo huo. Chombo kitawaambia hao kuwa ni wagonjwa. Zahanati ikikosa dawa, na kijiji kikikosa maji salama, habari hiyo itawazidishia hofu bila kuwapunguzia maradhi.

Yuko atakayesema kuwa basi ni heri wasipimwe. Hoja hiyo ni dhaifu. Ugonjwa usiotajwa hauachi kula ini na kibofu, na mtu ana haki ya kujua lililo ndani ya mwili wake. Tena wasiohesabiwa hawana wa kuwadaia dawa. Kosa halimo katika kupima. Limo katika kudhani kuwa kazi imekwisha kwa kupima.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo hudhani kuwa auonaye ufa anao udongo wa kuuziba. Amwonyeshaye maskini ufa wa nyumba yake, naye amelikalia rundo la udongo, hajamtendea wema, amemfanyia mzaha. Kwa hiyo aundaye kitambuzi, aigharimiaye kazi hiyo, na serikali ikipokeayo chombo, wote huingia katika deni moja. Chombo hakitakuwa kimekamilika siku nuru yake itakapoliona tone la mkojo, bali siku aliyepimwa atakapoondoka na dawa mkononi, akarudi nyumbani kwenye maji yasiyomrudishia ugonjwa.