Jina Jipya, Deni Lilelile

Wanangu, kila kampuni kubwa inapobadili jina, simu yangu haipumziki. Mmoja anauliza kama fedha zake ziko salama. Mwingine anataka kujua kama akasaini upya. Wa tatu, mjanja wa ukoo, anauliza kama sasa anaweza kuacha kulipa mkopo, maana kampuni aliyosaini nayo “haipo tena”. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Ukisaini mkataba na kampuni, umefungamana na mtu wa kisheria aliyesajiliwa, mwenye namba yake ya usajili. Jina ni la kumwitia tu. Jirani akirudi kutoka Makka na mtaa mzima ukaanza kumwita Alhaji, mwenye duka hafuti deni lake kwenye daftari, na Alhaji naye hanyang’anywi shamba alilonunua kabla ya safari. Sheria za makampuni za Tanzania na Kenya zimesimama hapohapo: wanahisa wanapitisha azimio maalumu, Msajili anatoa cheti chenye jina jipya, na haki na wajibu wa kampuni vinabaki kama vilivyokuwa. Hata kesi iliyofunguliwa kwa jina la zamani haifi.

Mambo haya yamekwisha kupita mbele ya macho yetu. Wenye laini za Celtel walijikuta Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, na aliyekuwa na namba ya 0784 akabaki nayo. Februari 2020, Barclays ya Tanzania na ya Kenya zikawa Absa, kwa kuwa Barclays ya Uingereza ilikuwa imeuza sehemu kubwa ya hisa zake za Afrika na ruhusa ya kutumia jina lake ilikuwa na mwisho. Aliyekuwa na mkopo aliendelea na rejesho lake, na aliyekuwa na akiba akaikuta. Kwa hiyo wewe mjanja, lipa. Dawa ya deni ni ileile hata mdai akibadili rangi ya jengo.

Ila msilale. Kuna mambo matatu yanayofanana kwa mbali: kubadilika jina, kubadilika wenye hisa, na kubadilika kampuni yenyewe. Tazameni Tigo ya Tanzania. Wamiliki walibadilika mwaka 2022, kampuni ya Millicom ilipoiuza. Jina la Yas likaja Novemba 2024, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Watu walishtushwa na jina, ilhali mauzo yalishapita zamani. Wala jina wala mauzo ya hisa hayakumtoa mteja kwenye mkataba wake. Tena tazameni benki ya NBC ya Tanzania: kundi la Absa la Afrika Kusini ndilo lenye hisa nyingi humo, na ndilo lenye benki ya Absa Tanzania. Mwenye hisa nyingi ni mmoja, benki ni mbili. Ukiwa na mkataba na NBC, huna mkataba na Absa.

Hilo la tatu, la kubadilika kampuni yenyewe, ndilo la kutolea macho. Mwaka 2014, mtandao wa simu wa yu ulipoondoka Kenya, wateja walikwenda Airtel na mitambo ikachukuliwa na Safaricom. Hapo aliyekuwa na wajibu wa kukuhudumia amekuwa mwingine kabisa. Kanuni ya mikataba ni kwamba mdai anaweza kumhamishia mwingine haki ya kukudai, lakini aliyekuahidi kazi au huduma hawezi kumtupia mwingine mzigo huo na kujivua bila ridhaa yako. Tatizo ni kwamba ridhaa hiyo mara nyingi mlishaitoa siku ya kwanza, pale penye maandishi madogo ambayo redioni husomwa mbiombio: vigezo na masharti kuzingatiwa. Yasomeni kabla ya kusaini. Tafuteni kifungu kinachosema kampuni inaweza kuhamisha mkataba kwa nani, na kwa taarifa gani.

Kwa kampuni ndogo hatari ni kubwa zaidi, maana huko bango hubaki lilelile huku kampuni imebadilishwa chini kwa chini. Mjenzi kachukua malipo ya awali, kazi imemshinda, anasajili kampuni nyingine yenye jina linaloshabihiana na la kwanza, ofisi ileile, mhasibu yuleyule. Ukienda kudai, unaambiwa hiyo kampuni ya zamani haihusiani na hii, na kwenye karatasi anaweza kuwa na hoja. Kwa hiyo mkiambiwa “tumebadili jina”, ombeni cheti cha kubadili jina, kisha linganisheni namba ya usajili na ile iliyo kwenye mkataba wenu. Zikiwa sawa, ni yuleyule. Zikitofautiana, msitoe hata shilingi mpaka mpya aandike na kusaini kwamba amebeba ahadi za wa zamani. Tanzania ipo BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, na Kenya wana ofisi yao ya usajili. Kuulizia si ugomvi.

Angalieni pia barua ya jina jipya inayokuja na masharti mapya mgongoni. Jina halimpi mtu ruhusa ya kupandisha riba wala kuongeza makato. Ruhusa hiyo ama imo ndani ya mkataba wenu au haimo. Mkiletewa ukurasa wa kubonyeza “Nakubali”, jueni huenda huo ni mkataba mwingine, na mnayo haki ya kuuliza kilichobadilika.

Na matapeli nao husubiri misimu hii. Atapiga mtu aseme anahamisha akaunti yako kwenye jina jipya, umtajie namba ya siri. Kata simu. Akija muuzaji wako na akaunti mpya ya kulipia, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usitumie iliyoandikwa kwenye hiyo ankara.

Nanyi mtakaomiliki kampuni, mkibadili jina waandikieni wateja mapema, wekeni jina la zamani chini ya jipya kwa muda, na msilitumie jina jipya kukwepa mtu. Ahadi ni deni, na mnaodaiwa ni ninyi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mmoja wenu leo aufungue mkataba alio nao, wa nyumba, mkopo au bima, aandike pembeni jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili. Asiyeuona mkataba wake kesho aende kuomba nakala.